Kitufe cha Mwanaidi

Kila alipofika kwenye kiitikio, Tunu alinyamaza.

"Nisamehe, fundi," alisema kwenye maikrofoni. "Hapa huwa anaingia Mwanaidi."

Mwanaidi, dada yake, alifariki kabla ya mvua. Sauti yake ilibaki kwenye rekodi ya mazoezi, lakini mama yao hakutaka isikike redioni.

Nyuma ya kioo, fundi Kitwana alishika kitufe kidogo cha kuzungusha kwenye mikseri, kile kinachopeleka sauti kwenye hedifoni za mwimbaji peke yake.

"Nitakuwekea Mwanaidi masikioni, dada. Kwenye wimbo hatakuwamo. Hata mimi huku simsikii."

"Kidogo tu, kaka. Akizidi atanifunika, unamjua alivyo."

Kitwana alikizungusha polepole. Tunu akafumba macho, akaimba, na kwenye kiitikio akasogea pembeni kidogo, kama anayempisha mtu kwenye maikrofoni. Safari hii hakunyamaza.

Wimbo ulipoisha, Kitwana alinyoosha mkono ili azime. Tunu alikuwa bado amefumba macho, amezibana hedifoni kwa viganja, anacheka kwa neno ambalo Mwanaidi alilisema baada ya wimbo. Kitwana akaurudisha mkono mapajani.