Wito wa Pili kutoka Ngezi

Kijijini Makangale hakuna asiyeijua kanuni hii: ukiitwa kutoka msitu wa Ngezi, usiitike mpaka mara ya tatu. Kiza cha msituni huiga sauti za watu, lakini hakiwezi kuita zaidi ya mara mbili. Anayekiitika hupokonywa sauti yake maisha.

Alasiri moja Bi Kazija, mkubwa wa wachawi watatu wanaokilinda kijiji, alikuwa uani na wenziwe wakitwanga mvuje wa kufukizia njia, moshi wake ukifukuze kiza.

"Kija! Njoo nikusuke!" sauti iliita kutoka msituni.

Mchi ulisimama. Tangu mama yake azikwe, miaka arubaini iliyopita, hapana aliyepata kumwita Kija.

"Nyamaza, shoga," alinong'ona mwenzake. "Mamaako hakuita mara mbili hata siku moja. Ya pili alikuja na ufito."

Bi Kazija alicheka, machozi yakimlenga. Alikumbuka vidole vyenye mafuta ya nazi vikipasua njia kichwani mwake, na magoti ya mama yakimbana mabega asitikisike.

"Kija, mwanangu!"

Alitakiwa kunyamaza tu, nacho kiza kingerudi kilikotoka. Aliyajua hayo kuliko mtu yeyote. Hata hivyo alivua mtandio, akaketi chini, akainamisha kichwa.

"Abee, mama."

Wenziwe waliumwaga mvuje wote juu ya makaa. Moshi ulipanda, kiza kikarudi msituni. Bi Kazija alibaki ameinama, akitabasamu.

"Umeridhika sasa?" mwenzake alimuuliza kwa ukali, naye analia.

Bi Kazija alifungua kinywa amjibu. Midomo ilicheza, sauti haikutoka.