Swala Pala Aliyeruka Ukuta

Palikuwa na Swala Pala, si Swala Tomi kama watangazaji walivyozoea kumwita, mshambuliaji aliyefunga mabao tisa katika msimu wake wa kwanza. Klabu kubwa ya Bondeni ikamwita imjaribu kwa mechi moja.

Fisi, mganga wa timu yake, akamwahi nje ya uwanja.

"Mwanangu, unadhani unafunga kwa miguu yako hiyo? Ni dawa yangu! Na leo wapinzani wamefukia kitu getini. Ruka ukuta, tena kinyumenyume."

"Ukuta wenyewe mrefu, babu."

"Haya, pita getini kama muuza karanga!"

Swala Pala akaona haya. Akaupa ukuta mgongo, akaruka, akaangukia mawe upande wa pili, na mguu ukavunjika. Wenzake wote walipita getini. Hata Kobe, kipa, alijikokota mpaka ndani na hakupatwa na lolote.

Fisi alifika wa kwanza kumtazama majeruhi.

"Babu, mbona dawa imeshindwa?" Swala Pala akalia.

"Imefanya kazi barabara," Fisi akajibu, mate yakimtoka. "Tangu uzaliwe ninakufukuza, na sijawahi kukupata."