Theluji Mabegani mwa Obadia

Uvumi ulimganda Eselina: eti theluji ikifunga barabara za Makete, kiwanda huwabakiza wafanyakazi kazini, kikapeleka majumbani watu wa bandia wanaofanana nao.

Jioni, theluji ikianguka, mumewe Obadia akarudi kutoka kiwandani, akaketi jikoni karibu na moto, akampakata Keti, binti yao.

“Mama Keti, mbona wanikodolea macho? Nimeota pembe?”

Utani ulikuwa wake kabisa. Lakini moto uliwaka, chai ikaisha, na theluji mabegani mwake haikuyeyuka.

“Nipe mtoto.”

“Mwache, tumeshazoeana,” akajibu, akizidi kumkumbatia.

Mama mwenzangu, mimi Eselina nakuusia, theluji ikianguka:
Usifungue mlango kwa kusikia sauti tu.
Usiamini utani.
Usimkabidhi mtoto kabla theluji haijayeyuka mabegani mwa aliyerudi.