Sahihi ya Mwenye Wimbo

Fomu ilikuwa imekunjwa mara nne na kulowa jasho. Roy Musila aliiweka juu ya kaunta kabla hata ya kusalimia.

"Nimekuja kuomba msamaha, Mwalimu," akasema. "Halafu niko na kitu nataka uniwekee sahihi."

Mwalimu Githongo alikuwa amestaafu na kufungua duka la vitabu hapa mjini Kajiado. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Hakuuliza ni msamaha wa nini. Jumapili iliyopita nusu ya nchi ilimwona Roy kwenye runinga, na ile nusu nyingine ilisimuliwa Jumatatu asubuhi.

Wiki tano mfululizo Roy alikuwa ameimba nyimbo za watu kwenye shindano la uimbaji la runinga, na wiki zote tano majaji walimwambia neno moja: sauti unayo, ila unaiga. Kisha shindano likafika mahali ambapo kila mshindani alitakiwa kuja na wimbo wake mwenyewe. Roy hakuwa nao. Alikaa na daftari siku tatu, akaandika mstari mmoja, akaukata. Ndipo akakumbuka wimbo ambao Mwalimu Githongo aliifundisha kwaya ya shule mwaka wa tisini na tatu, Roy akiwa darasa la sita, ukawapa kikombe kwenye tamasha la mkoa. Miaka kumi na tatu imepita, nani angeukumbuka? Akatia sahihi kwamba wimbo ni wake.

"Mvua imenyesha, ng'ombe wanarudi," aliimba, kisha akanyamaza kwa mapigo mawili, ngumi zote mbili akizivuta kifuani kwa nguvu, vilevile Mwalimu alivyokuwa akiwaongoza, kisha akaendelea. Kile kimya kiliwamaliza majaji. Mmoja alifuta machozi kabisa.

"Hapo uliponyamaza," akamwambia, "hapo si pa kuiga. Hapo ni pako."

Watu wakasimama kushangilia. Roy akainama kushukuru, akashuka jukwaani haraka. Leo ilikuwa Alhamisi, na makofi yale bado yalikuwa yakimsuta.

Kilichomtesa zaidi ni kwamba mama yake alijua. Kalekye alikuwa mpishi wa shule hiyohiyo kwa miaka tisa, na jiko lilipakana na darasa la kwaya, kwa hiyo hakuna wimbo wa Githongo ambao hakuusikia. Hata Roy alipokuwa akifanya mazoezi nyumbani Kitengela, mama alikuwa akiuimba pia huku akipika, tena akikosea maneno. "Maji yamechemka, watoto wanarudi," ndivyo alivyoimba. Roy alimrekebisha mara mbili. Mara ya tatu alimwambia kwa ukali aache kumharibia wimbo. Mama akaacha.

Jumapili hiyo Kalekye alienda kutazama runinga kwa jirani yao, Waithera. Huyo Waithera, ambaye habari haimkai kifuani hata kwa dakika, alimwambia Roy kwamba mama aliinuka na kuondoka wimbo ukiwa katikati. Roy alipomuuliza kulikoni, mama alikuwa akichambua maharagwe, na hakuinua macho.

"Huo wimbo uko na mwenyewe, Roy," alisema.

Roy aliona aibu ya kutosha watu kumi. Mama ambaye hakuwahi kuleta nyumbani hata njiti ya kiberiti cha shule, sasa amezaa mwizi, na anamtazama kwenye runinga akipigiwa makofi. Kesho yake akawaendea waandaaji na kuwaambia ukweli, nao wakampa fomu hii.

"Mwenye wimbo akikubali kwa maandishi, naweza kuimba fainali Jumapili," alimweleza Mwalimu. "Watasoma jina lako hewani, na zawadi tunagawana. Ukikataa, najitoa. Sitakulaumu."

Githongo aliisoma fomu polepole, mstari kwa mstari, kama anayesahihisha insha.

"Mama yako hajambo?" akauliza.

Roy hakutarajia swali hilo. "Ako tu sawa. Ni yeye amefanya nikuje. Aliniambia huo wimbo uko na mwenyewe."

"Alitaja jina langu?"

"Hapana. Lakini ni nani mwingine?"

Pembeni ya kaunta kulikuwa na kile kikombe cha tamasha, ambacho siku hizi kazi yake ni kubeba kalamu. Mwalimu akachomoa moja, akaiweka ncha juu ya nafasi iliyoandikwa "Mwenye wimbo". Kisha akairudisha kalamu kikombeni.

"Siwezi kuweka sahihi hapa."

Roy akatikisa kichwa kukubali. Alijiona amestahili. "Ni sawa, Mwalimu. Nilikukosea. Leo nitawapigia niwaambie nimejitoa."

"Keti kwanza. Hujanikosea kitu." Githongo alikunja fomu kwa uangalifu, akaisukuma upande wa Roy bila kumtazama usoni. "Mimi nilibadilisha maneno tu. Hii mpelekee mama yako, yeye ndiye wa kuweka sahihi. Mimi nilisimama nje ya dirisha la jikoni na daftari, nikiandika alivyoimba, na hapo unaponyamaza ukivuta ngumi, yeye alikuwa akivuta mwiko kugeuza ugali wenu."