Unywele Ndani ya Gundi

Saumu alilimwagia maji jiwe la marumaru la kuoshea maiti, akaendelea kupiga msasa pale ufa ulipozibwa kwa gundi jana. Kila alivyosugua ndivyo gundi ilivyozidi kuwa angavu kama kioo. Ndipo akauona unywele mwekundu wa hina umejikunja mle ndani, umeshikwa na ukoko wa sabuni kuukuu. Akamgeukia aliyeuziba ufa ule.

"Shemeji Makame, ufa huu hukuusafisha kabla ya kumimina gundi?"

"Nisafishe nini, shemeji? Anayelala hapo hafumbui macho." Akaokota andazi lake aliloliweka pembeni mwa jiwe, akala.

Saumu akamtazama anavyotafuna. Anayeletwa alasiri ni somo yake, aliyemfunda usafi tangu alipovunja ungo, na leo alazwe juu ya uchafu wa mtu mwingine.

Akautupa msasa, akachukua tindo na nyundo.

"Hee, jiwe limeshang'aa hilo," Makame akasema.

Nje, ndoo za maji ya kumwoshea marehemu zilikuwa zimeanza kutuliwa, moja baada ya nyingine. Saumu akaiweka ncha ya tindo juu ya ule unywele, akainua nyundo.