Pini Nyekundu

Mkufunzi Lukorito alitikisa kichwa cha majani ya nepia juu ya karatasi nyeupe, na vumbi jeusi kama masizi likamwagika.

"Mkiona hivi, majani yameugua," aliwaambia maafisa wa mifugo ukumbini. "Yatadumaa, na ng'ombe watalala njaa. Ugonjwa husafiri na vipande vya kupandia."

Sitawa, mmoja wa maafisa hao, hakuandika kitu. Kwa miaka mitatu alikuwa amewapelekea wafugaji vipande hivyo kwa pikipiki, akivikata shambani kwa mamake. Mjane mmoja aliwahi kumwonyesha weusi ule. "Mama, hayo ni maua tu," alimjibu, akawasha pikipiki.

"Sasa kila mtu achome pini nyekundu pale penye ugonjwa," mkufunzi alisema, akielekeza ramani ukutani.

Sitawa alichoma pini ya kwanza kwa mamake. Ya pili, kwa mjane. Kisha akaifuata barabara, boma kwa boma, mpaka wenzake wakaacha kuchoma zao, wakitazama mstari mwekundu ukirefuka.

"Madam, kote huko umeuona?" mkufunzi aliuliza.

"Sijauona," alisema Sitawa bila kugeuka. "Nilipita na vipande."

Kopo la pini lilikuwa tupu, lakini vidole vyake viliendelea kupapasa ndani.