Mpira Uendao Kombo

Mpira ulikwenda kombo tena, ukabingirika hadi kwenye nyasi alizokuwa akifyeka mwanamume mmoja. Hakuinua kichwa. Binti wa miaka sita hivi akaja mbio, akauchukua, akarudi kwa mama yake kwenye bembea.

"Mtoto gani huyu, hata kupiga mpira hajui!" msimamizi alifoka kutoka kivulini.

Ijumaa bustani hufurika. Wengine walikodi boti na kuzunguka mtoni, wengine walikimbia kandokando ya maji huku wakitweta, wapenzi walitandika mikeka na kulishana vitumbua huku wakitazamana machoni. Yeye aliwaona wote kama televisheni iliyozimwa sauti. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi tangu siku nyingi. Kitu kimoja tu ndicho alichoogopa: kuondolewa kwenye bustani hii.

Mwenzake aliyekuwa akifagia majani alimsogelea.

"Ndugu yangu, kila Ijumaa unamkodolea macho mke wa mtu. Mkubwa akikushtukia, kesho uko machimboni unaponda kokoto."

"Macho hayana pazia."

"Utashonewa!"

Yeye akaendelea kufyeka. Mwenzake alisema kweli. Ilitosha mtu mmoja kuhisi jambo, naye asingeiona tena bembea ile.

Mpira ukaja tena. Safari hii ulisimama kwenye kidole chake cha mguu.

"Shikamoo, mjomba," binti alisema kwa sauti kubwa.

"Marahaba."

Msimamizi aliwatupia jicho, kisha akarudi kwenye simu yake.

Binti aliinama kuokota mpira, wala hakuwa na haraka. Meno yake mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka. Ijumaa iliyopita yalikuwapo. Jambo hilo lilimchoma, akashangaa kuona kwamba bado anaweza kuchomwa.

"Mama anasema umekonda, baba," binti alinong'ona, akatimua mbio.

Filimbi ikalia. Wakarudisha mafyekeo, wakachuchumaa wawili wawili, wakahesabiwa kwa fimbo begani, wakafungiwa ndani ya karandinga. Kupitia wavu wa dirisha alimwona binti akirudi nyuma hatua chache na kuupiga mpira. Ulikwenda moja kwa moja, bila kuyumba, hadi mikononi mwa mama yake.